Maswali Madogo Yasiyojibiwa na Wajibu wa Mfasiri

Uko mjadala ambao wasomi wengi huupuuza. Wasomaji wa riwaya ndefu za mashujaa na maajabu hukutana, huandikiana na kubishana juu ya mambo madogo ambayo kitabu chao hakikuyaeleza. Je, zimwi lile la moto lilikuwa na mbawa au halikuwa nazo? Yule mzee aimbaye msituni ni nani hasa? Wale wake waliopotea walikwenda wapi? Mtu asiyekisoma kitabu huyaona mabishano hayo kuwa ni ya watu wasio na shughuli. Sisi tunaoshughulika na istilahi twayaona vingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba orodha ya maswali hayo ni chombo bora cha mfasiri, na kwamba mfasiri asiyeijua atayajibu mengi ya maswali hayo pasipo kukusudia, kwa kuchagua ngeli, kiambishi au neno moja tu.

Mfano tutakaoutumia ni riwaya ya J.R.R. Tolkien, The Lord of the Rings, iliyochapishwa London katika vitabu vitatu mwaka 1954 na 1955. Hapa tutaiita Bwana wa Pete. Tumeichagua kwa sababu tatu. Kwanza, mtungaji wake alikuwa profesa wa lugha katika Chuo Kikuu cha Oxford, na katika Kiambatisho cha mwisho cha riwaya alijifanya kuwa si mtungaji bali mfasiri wa kitabu cha kale. Pili, aliacha barua nyingi za kuwajibu wasomaji wake. Tatu, wasomaji hao wamekuwa na vyama vyao kwa zaidi ya miaka 50: Mythopoeic Society ya Marekani ilianzishwa mwaka 1967, na Tolkien Society ya Uingereza mwaka 1969. Hivyo maswali yao yamechambuliwa kwa muda mrefu, na yanaweza kupangwa.

AINA TATU ZA MASWALI

Tukiyachunguza maswali hayo twaona kwamba si ya namna moja. Aina ya kwanza ni yale yaliyoachwa wazi kwa makusudi. Mfano wake ni Tom Bombadil, mzee mchangamfu akaaye msituni, ambaye Pete ya uovu haina nguvu juu yake. Wengine wamesema ni roho ya nchi, wengine kwamba ni mmoja wa miungu wadogo, wengine kwamba ni Mungu mwenyewe. Katika barua aliyomwandikia Naomi Mitchison mwezi Aprili 1954, kabla kitabu cha kwanza hakijatoka, Tolkien alieleza kwamba hata katika zama za visasili hapana budi yabaki mafumbo, na kwamba Bombadil ni fumbo mojawapo, tena kwa kukusudia.

Aina ya pili ni maswali ambayo mtungaji mwenyewe hakuwa na jibu lake. Katika safari ya gizani chini ya milima, Aragorn anawataja paka wa Malkia Berúthiel kana kwamba kila mtu anawajua, kisha hawatajwi tena. Mwaka 1955 Tolkien alimwandikia mshairi W.H. Auden kwamba alikuwa bado hajagundua lolote juu ya paka hao. Kisa chao kilionekana baadaye sana, katika Unfinished Tales ya mwaka 1980, kitabu kilichotolewa na mwanawe baada ya baba kufariki mwaka 1973. Ndivyo ilivyo pia kwa wajuzi wawili kati ya watano ambao riwaya haiwataji kwa majina. Katika barua ya mwaka 1958 mtungaji alihofia kwamba walishindwa kazi waliyotumwa. Katika maandishi ya mwisho wa maisha yake, yaliyochapishwa mwaka 1996, alisema kwamba waliwasaidia watu wa mashariki kumdhoofisha adui. Mtungaji mmoja alitoa majibu mawili, na hakuna hata moja kati ya hayo lililomo ndani ya riwaya.

Aina ya tatu ni maswali yaliyozaliwa na maneno yenyewe, yaani na jinsi sentensi zilivyojengwa. Mfano mashuhuri ni mbawa za Balrog, jitu la moto na kivuli lililopambana na Gandalf darajani. Msimulizi anasema kwanza kwamba kivuli chake kilitanda mfano wa mbawa mbili kubwa. Aya chache baadaye anazitaja mbawa hizo zikienea toka ukuta hadi ukuta, bila ya neno la kufananisha. Je, tashbihi ya kwanza inaendelea, au sasa tumeambiwa habari ya mwili? Tena, kama lilikuwa na mbawa, mbona lilitumbukia shimoni? Wenye kukubali mbawa hujibu kwamba hata mbuni anazo na haruki. Ubishi huu haujakwisha, wala hautakwisha, kwa sababu ushahidi wote ni sentensi mbili.

Kosa la wasomaji hao, kwa maoni yetu, ni kuzichanganya aina hizi tatu, na kuzifanya barua za mtungaji kuwa hukumu za mahakama. Kati ya mwaka 1983 na 1996 mwanawe alitoa juzuu 12 za maandishi ya baba yake, na kila juzuu ilipotoka walikuwapo walioona kwamba sasa kesi imekwisha. Lakini swali likijibiwa katika barua, riwaya haibadiliki. Mfasiri hufasiri kitabu, hafasiri mtoto wa meza wa mtungaji. Faida ya kuzijua barua ni kumtahadharisha mahali gani kitabu kimenyamaza, ili naye anyamaze hapo hapo.

MITEGO YA MSAMIATI NA SARUFI

Kunyamaza huko si kazi rahisi. Kila lugha ina mambo ambayo humlazimisha msemaji ayaseme, na mengine ambayo humruhusu ayafiche. Kiswahili na Kiingereza havifanani katika hilo. Tutazame mifano sita.

Mfano wa kwanza ni jina la Bombadil miongoni mwa watu wa kale, ambalo maana yake ni mkongwe kuliko wote asiye na baba. Mfasiri mwenye haraka ataandika "yatima". Neno hilo ni zuri kwa sauti, lakini linajibu swali, kwani yatima alikuwa na baba, naye amekufa. Akiandika kwamba hakuzaliwa na baba, amekwisha kumweka katika habari za muujiza wa dini. Maneno manne, "asiye na baba yeyote", hayapendezi sana, lakini hayasemi zaidi ya asili.

Mfano wa pili ni jibu la Goldberry, mwenzi wa Bombadil, alipoulizwa mumewe ni nani. Jibu lake kwa Kiingereza ni kiima na kitenzi cha kuwa tu, pasipo chochote cha kukamilisha. Kiswahili hakina kitenzi kiwezacho kusimama hivyo. "Ni" haisimami peke yake. "Yupo" humweka mahali, kana kwamba mgeni amebisha hodi akiuliza kama mwenye nyumba yumo. "Yuko" humvuta msomaji wa Biblia kwenye jina alilopewa Musa kichakani, nayo ndiyo tafsiri ambayo Tolkien aliikataa alipoulizwa na msomaji mmoja mwaka 1954. Sisi twapendekeza "Ndiye". Ni jibu kamili kwa masikio ya Mswahili, halitaji mahali, na bado humwacha muulizaji na swali lake mkononi.

Mfano wa tatu ni habari za wake wa Enti, wale wachungaji wa miti. Treebeard anasimulia jinsi walivyopotewa na wake zao. Wageni wake wanadhani walikufa, naye anawasahihisha kwa ukali kwamba hakusema hivyo. Mazungumzo haya yanahitaji kitenzi chenye maana mbili, la sivyo kosa la wageni litakuwa la kipumbavu. "Walipotea" ni wazi mno, na hakuna atakayedhani ni kifo. Lakini lugha yetu ina kauli ya heshima ya kumtaja marehemu: ametutoka. "Walitutoka" huweza kuwa kifo, na huweza kuwa ni kuondoka kwa miguu yao wenyewe. Hapa Kiswahili hakipungukiwi na Kiingereza hata kidogo, na swali la wapi walikwenda linabaki lilivyo.

Mfano wa nne ni mbawa zenyewe. Baada ya kuandika kwamba kivuli kilitanda mfano wa mbawa, mfasiri atafika kwenye sentensi ya pili. Akiandika "mbawa zile", amesema kwamba ni zile zile za tashbihi, yaani kivuli. Akiandika "mbawa za mwili wake", amehukumu upande wa pili. Akiandika "mbawa zake", kimilikishi hicho kitakubali kurejea kwa kivuli au kwa jitu, na wabishani wote wawili watabaki na hoja zao. Kiambishi kimoja kinatosha kumaliza ubishi wa miaka mingi, na kingine kinatosha kuuhifadhi.

Mfano wa tano ni mgumu kuliko yote. Mfalme wa Wachawi, jemadari wa adui, ametabiriwa kwamba hataanguka kwa mkono wa neno ambalo kwa Kiingereza lina maana ya binadamu na pia ya mwanamume. Mwishowe anaangushwa na Éowyn, ambaye ni mwanamke, akisaidiwa na Merry, ambaye si wa jamii ya binadamu wa kawaida. Wasomaji bado wanabishana ni yupi kati ya hao aliyeutimiza utabiri. Mfasiri akiandika "mtu", utabiri umekuwa uongo, kwani Éowyn ni mtu. Akiandika "mwanamume", siri imefichuka kabla ya wakati wake, maana msomaji atauliza mara moja: na mwanamke je? Twaona kwamba neno la kufaa ni "mume", kama litumikavyo katika lugha ya tenzi, ambamo halina maana ya mwenzi wa ndoa tu, bali humtaja pia shujaa, dume la vita. Msomaji atasikia kwanza kwamba hakuna shujaa wa kumweza. Baadaye ataikumbuka maana ya pili. Hatudai kwamba neno hili halina dosari. Merry naye ni wa kiume, na kwa hiyo hoja ya wanaompa yeye utabiri inapungua nguvu. Lakini mlango mmoja umebaki wazi kabisa, na wa pili haujafungwa kwa komeo.

Yafaa tuongeze kwamba katika kisa hicho hicho sarufi yetu inampa mfasiri zawadi. Éowyn anakwenda vitani akijificha kwa jina la Dernhelm, na msimulizi wa Kiingereza analazimika kumtaja kwa kiwakilishi cha kiume, yaani kushiriki katika udanganyifu. Kiambishi chetu "a-" hakibagui mume wala mke. Siri inalindwa, na msimulizi hasemi uongo.

Mfano wa sita unahusu jina la cheo cha Gandalf na wenzake. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili zitampeleka mfasiri kwenye "mchawi". Lakini mchawi kwetu ni mtu wa kudhuru. Gandalf akiitwa mchawi katika sura ya kwanza, atakuwa mhalifu kabla hajafungua mdomo. "Mganga" naye ana mkoba wake na ada yake. Asili ya neno la Kiingereza ni hekima, na Tolkien mwenyewe aliwaeleza wazee hao kuwa ni kundi la wenye elimu kubwa ya historia na tabia ya dunia. Riwaya haisemi mapema walitoka wapi. Habari hiyo imo katika Viambatisho. Tena mmoja wao anasaliti. Hivyo istilahi inayohitajika ni ile iwezayo kubeba wema na uovu, isiyotangaza asili. Ndiyo sababu hapo juu tumeandika "wajuzi". Mjuzi huweza kujua kwa kheri, na huweza kujua kwa shari. Neno mchawi na libaki kwa yule jemadari, ambaye halimwonei.

Pamoja na hayo, upo mtego wa upande wa pili, nao ni kuzua swali lisilokuwapo. Jina la riwaya kwa Kiingereza lina pete nyingi. Kwetu "pete" ni moja na ni nyingi, na "Bwana wa Pete" haielezi ni ngapi. Katika kisa kimoja kijana Pippin anamshangilia Frodo kwa cheo cha bwana wa Pete moja, na Gandalf anamkemea kwamba bwana wa Pete hiyo ni yule adui. Tofauti ya kisa hiki na jina la kitabu inapotea katika Kiswahili. Mfasiri aweza kuirejesha kwa kuandika "Bwana wa Pete Zote" katika jadala. Kufungua kilichofungwa ni kosa sawa na kufunga kilichofunguliwa.

JE, UWAZI SI WAJIBU WA MFASIRI?

Tunatazamia pingamizi. Kazi ya istilahi, watasema wengine, ni kuondoa utata: dhana moja, neno moja. Hilo ni kweli katika vitabu vya fizikia, utabibu na uhasibu. Lakini kanuni hiyo inahusu dhana ambazo matini ya asili imekwisha kuzibainisha. Haimpi mfasiri mamlaka ya kubainisha ambacho mwenyewe hakukibainisha. Tofauti hii si ya fasihi peke yake. Azimio nambari 242 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Novemba 1967, linataka majeshi ya Israeli yaondoke katika maeneo yaliyokaliwa katika vita vya mwaka ule. Matini ya Kiingereza haikuweka kibainishi mbele ya neno maeneo. Matini ya Kifaransa ina kibainishi, na husomeka kwa wepesi kuwa ni maeneo yote yanayojulikana. Mabishano juu ya jambo hilo yanaendelea hadi leo. Kiswahili hakina kibainishi cha namna hiyo, hivyo kinaweza kuulinda utata wa Kiingereza. Lakini karani akiongeza "yale" au "yote" ili sentensi ipendeze, amekwisha kutoa uamuzi wa kisiasa. Ofisa anayefasiri mkataba na mwalimu anayefasiri riwaya wanakabiliwa na jaribu moja.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: je, mfasiri hana uhuru wowote? Anao. Mwalimu Julius Nyerere alipofasiri The Merchant of Venice ya Shakespeare aliiita Mabepari wa Venisi, nayo ilitoka mwaka 1969. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja, na ndani ya tamthilia hakimu mwenyewe anaanza kwa kuuliza ni yupi mfanyabiashara na ni yupi Myahudi. Jina la Kiswahili limeweka wingi, kwa hiyo limewachukua wote wawili. Tena "bepari", neno lililotoka Bara Hindi na maana ya mfanyabiashara, lilikuwa limekwisha kupata ukali mpya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hilo ni jibu. Wapo wasiolipenda. Lakini ni jibu lililowekwa juu ya jadala, mahali ambapo kila msomaji analiona na anaweza kulipinga. Tunalolilaumu sisi ni jibu lililofichwa katika kiambishi, ambalo msomaji hana njia ya kulijua.

Wala tusidhani kwamba wasomaji wetu watachoshwa na maswali yasiyo na majibu. Wamelelewa nayo. Fumo Liyongo aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Kwa nini shaba, wala si chuma? Wataalamu wametofautiana kwa karne kadhaa juu ya zama alizoishi. Hakuna aliyeacha kusikiliza kisa hicho kwa sababu hiyo. Tolkien naye aliwahi kueleza katika barua kwamba mvuto wa riwaya yake hutokana kwa sehemu na mambo yaonekanayo kwa mbali kama kisiwa ambacho hujafika, na kwamba kukifikia ni kuuondoa uzuri wake.

MAPENDEKEZO

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Mfasiri, kabla ya kuanza sura ya kwanza, aandike orodha ya mambo ambayo kitabu hakikuyajibu, na kila istilahi aipime kwa orodha hiyo. Asisite kuwauliza wapenzi wa kitabu, kwani wao wamekwisha kuifanya nusu ya kazi hiyo bila ya malipo. Pale ambapo lugha inamlazimisha kujibu, kama katika utabiri tulioutaja, aseme hivyo katika dibaji. Tolkien alifanya hivyo mwenyewe: katika Kiambatisho chake alikiri kwamba Kiingereza kilishindwa kuonyesha tofauti ya kumwita mtu kwa heshima na kwa mazoea, na kwamba ndiyo sababu watumishi wa Denethor walishangaa Pippin aliposema na bwana wao kama rika lake. Kiswahili, chenye shikamoo na mzee, kingeweza kuirudisha tofauti hiyo.

Mwalimu wa fasihi akubali kwamba "kitabu hakisemi" ni jibu sahihi, endapo mwanafunzi ataonyesha ni wapi hakikusema. Mwanafunzi aliyeweza kutofautisha kivuli na mbawa kwa kutazama kimilikishi amejifunza sarufi kuliko yule aliyekariri ngeli zote.

Na sisi wenye kutoa istilahi tujizuie. Tupelekewapo neno tuulizwe Kiswahili chake, swali letu la kwanza lisiwe tu neno hili lina maana gani, bali pia halisemi nini. Istilahi inayosema zaidi ya asili yake ina kasoro sawa na ile inayosema pungufu.